Kilima cha Kuanzia

Kilima cha kuanzia ni kile ambacho mtu asiyezoea milima anaweza kukifikia asubuhi kwa matatu au kwa gari lake, akakipanda, na akarudi nyumbani kabla ya giza. Sifa yake kuu haiko kwenye urefu wala uzuri wa mandhari. Iko kwenye njia ya kurudi: popote mgeni atakapochoka, atakaponyeshewa au atakapoteguka mguu, pawe na kijia kifupi cha kumfikisha barabarani. Kukitambua kilima cha namna hiyo ni ufundi, na ufundi huu haupewi heshima unayostahili. Watu humpongeza aliyefika kileleni. Yule aliyemchagulia njia, akajua udongo unateleza wapi na mvua inashuka saa ngapi, hutajwa kwa nadra, ilhali kazi kubwa ya safari ilimalizika kichwani mwake kabla mtu yeyote hajafunga kamba za viatu.

Nchi ya chai ya Kericho na Bomet ni shule nzuri ya ufundi huo. Kuna mteremko, ukungu, mito, radi, mvua ya mawe na msitu mkubwa, na vyote hivyo viko karibu na nyumba za watu. Anayejifunza hapa hujifunza mambo yale yale yanayohitajika kwenye milima mirefu, akiwa bado anasikia ng'ombe wakilia bondeni.

Katika nchi za theluji, swali la mahali pa kuanzia limefikiriwa kwa makini na watu wa skii za nyikani, yaani wale wanaoacha viwanja vyenye lifti na kupanda milima kwa nguvu zao wenyewe. Chini ya skii hubandika utepe wenye manyoya yaliyolalia upande mmoja, ambao zamani ulikuwa ngozi ya sili, ili skii isonge mbele bila kurudi nyuma. Wakifika juu huubandua na kushuka kwenye theluji ambayo hakuna mashine iliyoisawazisha. Anayeanza mchezo huu hatafuti mlima mrefu. Hutafuta mteremko usiozidi digrii 30, kwa sababu maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya kati ya digrii 30 na 45. Huinua macho pia kutazama kilicho juu yake, maana mteremko mpole ulio chini ya genge kali hauna usalama wowote. Na hutaka barabara iwe karibu. Masharti hayo yote matatu yanafaa Kericho vilevile: mteremko uwe mpole, hatari inayoweza kutoka juu ijulikane, na barabara isiwe mbali.

Theluji yenyewe si ngeni kabisa kwa wenyeji wa nyanda hizi za Bonde la Ufa. Philip Boit, mkimbiaji kutoka upande wa Eldoret na mpwa wa Mike Boit aliyepata shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii za masafa marefu. Mwaka 1998 aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, ambaye alikataa kuondoka hadi Boit alipofika, akamkumbatia kwenye mstari wa mwisho. Boit alishiriki tena mwaka 2002 na 2006. Alipokuwa nyumbani alifanya mazoezi kwa skii zenye magurudumu barabarani, na jambo hilo lina funzo kwa kila anayeanza: ardhi iliyo karibu hutosha kwa mazoezi mengi kuliko watu wanavyodhani.

Ardhi ya Kericho na Bomet imeinuka tayari. Miji yote miwili iko kwenye kimo cha karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo nchi hupanda polepole kuelekea mashariki hadi kwenye misitu ya Mau, ambako kituo cha reli cha Mau Summit kiko zaidi ya mita 2,500. Kwa hiyo mwenyeji ana faida ambayo mgeni kutoka Mombasa au Kisumu hana: damu na mapafu yake vimezoea hewa nyepesi. Faida hiyo isimdanganye. Vilima vya hapa huonekana vifupi kwa sababu msingi wake uko juu, na miguu huhesabu mita za kupanda bila kujali msingi ulianzia wapi.

Kilichoichonga nchi hii ni maji. Mito ya Itare, Kiptiget, Chemosit na Kipsonoi hutoka katika nyanda za Mau, hukata mabonde ikielekea magharibi, na maji yake hufika Ziwa Victoria kwa Mto Sondu. Upande wa Bomet, Nyangores na Amala huungana na kuwa Mto Mara. Baina ya bonde na bonde umebaki mgongo mrefu wa ardhi, na juu ya mgongo huo ndiko barabara, maduka, shule na vituo vya kukusanyia majani chai vilikojipanga. Anayefuata mgongo kutoka mashariki kwenda magharibi hupata mwendo ulionyooka, wa kupanda kidogo na kushuka kidogo. Anayekata mabonde kutoka kaskazini kwenda kusini hushuka hadi mtoni, hupanda ukingo wa pili, halafu huanza upya. Kwenye ramani safari mbili zenye kilomita sawa huonekana ndugu. Miguuni, moja ni matembezi ya asubuhi na nyingine ni kazi ya kutwa.

Hapa ndipo nchi ya chai inapotofautiana na milima ya vitabuni. Kwenye mlima wa kawaida mtu hupanda akiwa na nguvu na kushuka akiwa amechoka. Kwenye mabonde ya Kericho, kwa kuwa gari huachwa mgongoni, mtu hushuka kwanza akiwa na furaha na mwili mpya, hufika mtoni akidhani kazi imekwisha, kisha hulipa deni lote jioni, wakati jua linachoma au mvua inanyesha. Wengi wanaoipata shida huipata kwenye huo mpando wa mwisho. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ya eneo hili ni kupima bonde kwa macho kutoka juu na kujiuliza swali moja: je, ukingo huu unaweza kupandwa na mtu aliyechoka, udongo ukiwa umelowa? Jibu likiwa na shaka, safari ya kwanza ibaki mgongoni.

Muda nao hukadiriwa, haukisiwi. Mskoti William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika duniani kote: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ilitungwa kwa watu wenye afya wanaotembea bila kusimama. Anayeanza aongeze nusu ya muda huo, na akiwa na watoto aurudufishe. Wapo wanaoona hesabu hii ni ya kitoto kwa matembezi ya kilima cha jirani, lakini hesabu hiyo ndiyo inayomjulisha mtu, angali nyumbani, kama giza litamkuta njiani.

Baada ya umbo la nchi huja ardhi inayokanyagwa, na hili ndilo somo lenye utamu zaidi. Mchai uliotunzwa vizuri hukatwa juu ukawa bapa, kimo cha kiuno, na majani ya mstari mmoja hukutana na ya mstari wa pili hadi njia baina yao isionekane. Anayepita hapo hana budi kuisoma njia kwa nyayo, kwa sababu macho hayaoni chini ya majani. Alfajiri umande huwa mwingi kiasi cha kulowesha suruali hadi mapajani katika hatua chache, na hiyo ndiyo sababu wachumaji huvaa gambuti na aproni ya plastiki hata siku isiyo na wingu. Chini ya majani kuna mifereji iliyochimbwa kuzuia mmomonyoko, mingine mifupi, mingine ya kumzamisha mtu goti. Mtembezi mgeni huitambua baada ya kuanguka. Mchumaji huitambua mapema, kwa kuwa mstari wa chai hukatika kidogo au majani hubadilika rangi pale maji yanapopita.

Shamba lililopogolewa ni hatari ya aina nyingine. Kila baada ya miaka mitatu au minne mchai hukatwa chini ili uchipue upya, na kwa majuma kadhaa hubaki vishina vikavu vilivyochongoka, vya urefu wa goti. Kuteleza hapo ni kuangukia ncha. Ushauri wa wenyeji ni kuzunguka shamba kama hilo hata kama njia inaongezeka, na ushauri huo ni sahihi kabisa.

Udongo mwekundu wa nchi hii ni wa kina na wenye rutuba, na ukiwa mkavu hushika kiatu vizuri sana. Mvua ikinyesha kwa dakika 10 tu, tabaka la juu lenye unene wa kidole hugeuka kuwa kama sabuni iliyolowa huku chini yake kukiwa bado kugumu. Kushuka kwenye udongo wa namna hiyo kuna adabu zake. Hatua ziwe fupi. Magoti yalegezwe. Unyayo wote uguse ardhi kwa wakati mmoja, ukiwa umegeuzwa kidogo upande ili ubavu wa kiatu ukate udongo. Fimbo itangulie chini, isibaki nyuma. Kosa la kila anayeanza ni kuegemea nyuma kwa woga, na papo hapo uzito huhama kutoka kwenye vidole, kisigino hukimbia, na mtu hukaa chini bila kupenda. Walimu wa skii hupambana na kosa hilo hilo kwa wanafunzi wao siku ya kwanza: mwili unaokimbia mteremko hupoteza udhibiti, unaouelekea huupata. Anayetaka kuona ustadi huu ukitendwa bila maneno amtazame mama anayebeba kapu la majani kwenda kituoni baada ya mvua. Hatafuti katikati ya njia iliyosuguliwa. Hupita kwenye nyasi za pembeni, hupumzika mahali tambarare pekee, na kasi yake haibadiliki kutoka juu hadi chini.

Hewa ya Kericho ina ratiba, na kuijua ratiba hiyo ni nusu ya usalama. Mchana jua hupasha ardhi joto, upepo wenye unyevu huvuma kutoka Ziwa Victoria, hupanda nyanda za juu na kukutana na upepo wa mashariki. Mahali pepo hizo mbili zinapokutana mawingu hurundikana. Kwa hiyo asubuhi nyingi huwa angavu, mawingu huanza kuvimba kuelekea adhuhuri, na mvua hushuka kuanzia saa nane mchana au saa tisa. Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua nyingi zaidi. Desemba hadi Februari ndiyo mikavu. Hata katika miezi mikavu ratiba ya siku haibadiliki sana, na mtembezi mwenye busara huwa kwenye mwendo saa kumi na mbili asubuhi na huwa ameanza kurudi kabla ya saa sita. Baridi ya alfajiri ya Januari isimshangaze. Usiku usio na mawingu huteremsha jalidi mabondeni, na Januari 2012 jalidi hiyo iliunguza chai katika mashamba mengi ya nyanda hizi.

Mvua ya mawe inastahili aya yake. Kericho na Nandi zinajulikana katika vitabu vya hali ya hewa kuwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilifanyika hata kazi ya kurusha ndege kunyunyizia mawingu kemikali ili mawe yasiive, kwa jinsi yalivyokuwa yakiharibu chai. Jiwe moja dogo hutoboa jani. Dhoruba moja husimamisha uchumaji shambani kwa majuma. Kwa mtembezi, mawe yenyewe huuma lakini hayaui kwa kawaida; kilicho hatari ni radi inayokuja nayo, na ubaridi wa ghafla unaofuata. Mtu aliyelowa kwenye upepo wa kimo cha mita 2,300 huanza kutetemeka ndani ya dakika chache, na akiendelea kukaa hivyo hupoteza uwezo wa kufikiri vizuri. Wapo wanaosimulia bado habari za Septemba 2008, wakati mvua ya mawe ilipofunika ardhi ya Busara, karibu na Nyahururu, kwa tabaka la barafu ambalo wakazi walilikanyaga na kulichezea wakiliita theluji.

Kuhusu radi, kanuni ni chache na hazina mjadala. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Anayeona umeme na kuhesabu chini ya 30 kabla ya kusikia ngurumo ajue radi iko ndani ya kilomita 10 na aanze kushuka mara moja. Kichwa cha kilima kilicho wazi, mti uliosimama peke yake na uzio wa seng'enge ni mahali pa kuepukwa. Shamba la chai, kwa kuwa ni bapa na mtu hujitokeza juu yake kuanzia kiunoni, si kimbilio. Gari lililofungwa madirisha au nyumba imara ndilo kimbilio, na hapa tena inaonekana thamani ya kilima chenye njia fupi ya kurudi.

Maji ya bondeni yana hila ambayo watu wa skii wangeitambua upesi, maana inafanana na ile ya theluji iliyo juu ya genge: hatari hutoka mahali ambapo mtu hapaoni. Mto waweza kuwa na maji ya kifundo cha mguu chini ya jua kali huku mvua kubwa ikinyesha Mau, na baada ya saa chache ukafurika. Mfano mchungu zaidi nchini uko kwenye korongo la Hell's Gate, Naivasha, ambako mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana saba wa kanisa mwezi Aprili 2012, na maafa ya aina hiyo hiyo yakatokea tena mwaka 2019. Anayeanza asivuke mto ambao hajauona siku ya mvua. Akiuvuka asubuhi, aangalie kama kuna daraja atakaloweza kurudia jioni, na rangi ya maji ikibadilika kuwa ya kahawia au majani yakaanza kuelea, aondoke bondeni bila kungoja.

Mahali pa asubuhi ya kwanza kabisa ni kwenye bwawa na bustani ya miti ya Chagaik, kama kilomita nane kutoka mjini Kericho kwa barabara ya Nakuru. Miti yake ilipandwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia na mkulima wa chai, Tom Grumbley, na mteremko wake hadi majini ni mfupi kiasi kwamba hata babu na mjukuu wanaweza kuushuka pamoja. Hakuna kilele hapo. Kuna nafasi ya kujaribu viatu, kuona mwili unavyoitikia mpando, na kujifunza kutembea taratibu, jambo ambalo vijana huliona rahisi hadi walifanye.

Upande wa Bomet, kilima cha Motigo, jirani na hospitali ya Tenwek na maporomoko ya Mto Nyangores, ni mfano mzuri sana wa kilima cha kuanzia. Ni kilima halisi, chenye mpando wa kutoa jasho, lakini nyumba na mashamba yako karibu, watoto hupita wakichunga mifugo, na atakayepotea atarudishwa njiani na mtu wa kwanza atakayemsalimu. Hospitali kubwa kuwa chini yake ni jambo ambalo milima michache sana inaweza kujivunia.

Londiani ni hatua inayofuata. Mji huo wa kaunti ya Kericho ndiko kilipo Chuo cha Misitu cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1957, na mlima wake, wenye urefu unaokaribia mita 3,000, umevaa msitu. Hapa anayeanza hukutana kwa mara ya kwanza na kutoona mbali. Kwenye chai mtu huona barabara, kiwanda na moshi wake. Kwenye msitu huona mita chache tu, na kila kijia cha ng'ombe hufanana na njia. Mazoea ya kugeuka nyuma kila baada ya muda, ili kuona jinsi njia itakavyoonekana wakati wa kurudi, huanza kuwa na maana hapa. Simu yenye ramani iliyopakuliwa husaidia, lakini betri huisha haraka kwenye baridi na mawimbi ya mtandao hupotea mabondeni.

Msitu wa Mau wenyewe hauingiwi ovyo. Ndio msitu mkubwa zaidi wa milimani uliobaki Kenya, na ndani yake kuna tembo, chui na mianzi minene ambayo mnyama anaweza kusimama nyuma yake, hatua tano kutoka kwa mtu, asionekane. Mpaka wake mahali pengi ni ukanda wa chai wa Nyayo Tea Zones, shirika lililoanzishwa mwaka 1986 ili chai iwe uzio baina ya mashamba ya watu na miti. Kuvuka ukanda huo bila ruhusa ya kituo cha msitu cha Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) na bila askari wa msitu au mwenyeji anayejulikana na chama cha jamii cha msitu ni kosa la kisheria na kosa la akili pia.

Ruhusa huhitajika hata pasipo na msitu. Mashamba makubwa ni mali ya makampuni, na barabara zake za ndani, zilizo safi na zenye kivuli cha mikaratusi, zina geti na askari. Kumwamkia askari huyo, kumweleza safari na kuuliza ni sehemu zipi zimenyunyiziwa dawa siku hiyo ni utaratibu wa kawaida, na mara nyingi yeye ndiye mwenye habari sahihi zaidi kuhusu njia. Mashamba madogo ni uwanja wa nyumba ya mtu. Anayepita husalimu kwanza, "Chamgei," husubiri kuitikiwa, halafu ndipo aulize njia. Mzee akisema "usipite huko leo," haombwi maelezo marefu. Amekaa hapo muda wa kutosha kujua.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Viatu vyenye meno, au gambuti kwa asubuhi za umande. Koti la mvua la kweli. Sweta kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Maji, chakula, filimbi, tochi. Gharama kubwa si ya lazima. Mwenzi ni wa lazima, na wawili ni bora, ili mmoja akiumia mwingine abaki naye na wa tatu aende kutafuta msaada.

Kwa walio tayari kukaa garini saa mbili au tatu, Bonde la Ufa lina volkano zinazofaa. Menengai, juu ya mji wa Nakuru, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kericho, hufikika kwa gari hadi ukingoni kwenye kimo cha mita 2,278. Matembezi ya ukingoni ni ya kila mtu. Kushuka ndani ni habari nyingine: kuta zake zina kina cha karibu mita 500, sakafu ni mawe ya volkano na vichaka visivyo na maji, na kazi yote huja mwishoni, sawasawa na kwenye mabonde ya chai. Anayetoka Bomet kupitia Narok yuko karibu zaidi na Suswa, mlima wa mita 2,356 wenye kreta mbili, moja ndani ya nyingine, na mapango ya lava, ambako Wamaasai wa hapo ndio wenye ardhi na ndio waongozaji. Longonot, mita 2,776, una njia iliyo wazi kutoka geti la hifadhi hadi ukingoni, kilomita 3.1, na mzunguko wa ukingo wa kilomita 7.2. Kwa kanuni ya Naismith, jumla hiyo ya kilomita 13 na ushei, pamoja na takriban mita 600 za kupanda, ni saa tatu na dakika 40. Anayeanza ahesabu saa tano na nusu, na abebe maji yote kutoka nyumbani, kwa sababu mlimani hakuna.

Uzuri wa ngazi hii ya vilima ni kwamba kila kimoja huongeza ugumu mmoja tu. Chagaik hufundisha mwendo. Motigo huongeza mpando, Londiani huongeza kutoona mbali, Menengai humzoesha mtu kuweka akiba ya nguvu kwa ajili ya mwisho, na Longonot hudai saa nyingi juani. Anayeruka ngazi hukutana na magumu matatu kwa siku moja bila kujua lipi ndilo linalomshinda. Na kwenye kila ngazi, kugeuka kabla ya kufika ni sehemu ya ustadi wenyewe. Kundi lililorudi saa tano asubuhi kwa sababu mawingu yaliwahi kuvimba limefanya kazi nzuri kuliko kundi lililofika juu likashuka kwenye radi, hata kama la pili ndilo lililobahatika kupata picha.

Baada ya Longonot, mlima unaofuata kwa wengi ni Mlima Kenya hadi Point Lenana, mita 4,985. Huko mtu wa Kericho au Bomet hukutana na kimo ambacho mwili wake haujakizoea, na akipanda haraka mno huugua kama mtu wa pwani. Safari hiyo huchukua siku kadhaa, hulipiwa ada ya hifadhi kwa Huduma ya Wanyamapori ya Kenya (KWS), na kanuni za hifadhi haziruhusu mtu kuingia mlimani peke yake.